Mgeni Njoo, Mwenyeji Asiugue

Nyumba za ibada nchini Kenya zilipofunguliwa tena Julai 2020, baada ya kufungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, zilifunguliwa kwa masharti. Waumini wasizidi 100, ibada isipite saa moja, na watu wa marika mawili wabaki nyumbani: watoto walio chini ya miaka 13 na watu wazima waliopita miaka 58. Shinyalu, katika kaunti ya Kakamega, ni nchi ya ibada. Misheni ya Mukumu ilianzishwa na mapadri wa Mill Hill mwaka 1906, na Kaimosi, kitovu cha kanisa la Marafiki (Quakers) tangu 1902, haiko mbali. Kwa hiyo wazee waliozuiwa mlangoni ndio hasa waliolilea kanisa: akina mama waliopanga maua ya altare tangu ujana wao, wazee waliowafundisha sala wahubiri wa leo walipokuwa wavulana. Nia ilikuwa njema, nayo ilikuwa na sababu, kwani ugonjwa ule uliua wazee kuliko vijana. Hata hivyo sharti lile liliibua swali ambalo korona imepita na kuliacha palepale, kwa sababu mafua, nimonia na kifua kikuu havikupita. Ikiwa pumzi yetu inaweza kumwua mzee, je, upendo unatuamuru tumsogelee au tukae mbali naye?

Jibu nitakalolitetea ni hili: mzee ana haki ya kufikiwa, na mzigo wa kuhakikisha kwamba ukaribu huo haumdhuru uko begani mwa anayemfikia. Sharti la Julai 2020 liliugeuza mzigo huo. Lilimwambia aliye dhaifu ajifungie ili walio na nguvu waendelee na shughuli zao. Haki ya kweli ingeanza upande wa pili, kwa kuwauliza walio na nguvu wako tayari kujinyima nini ili aliye dhaifu asifungiwe. Tofauti hii inaonekana ndogo ukiisoma, lakini ndiyo inayoamua kama mzee katika jamii yetu ni mtu mwenye haki zake au ni chombo cha thamani kinachowekwa kabatini kisivunjike.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nyumba gani. Kenya ina makao machache ya wazee, kama Nyumba ya Wazee ya Kasarani jijini Nairobi inayoendeshwa na masista wa Little Sisters of the Poor. Shinyalu kwa jumla haiwatunzi wazee wake namna hiyo. Makao ya wazee ya Shinyalu ni boma lenyewe: nyanya anayekaa karibu na mafiga, mke wa mwanawe anayempikia na kumwogesha, wajukuu watatu wanaolala chumba kimoja naye kwa sababu wazazi wao wako Nairobi au Eldoret. Katiba ya 2010, ibara ya 57, inamhakikishia mzee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima, na kupata matunzo ya kufaa kutoka kwa familia na serikali. Angalia kwamba ibara hiyo inataja ushiriki na matunzo kwa pamoja, wala haisemi kimoja kinunuliwe kwa kingine. Anayemtunza mzee kwa kumtoa katika jamii ametimiza nusu ya wajibu na kuvunja nusu iliyobaki.

Ukitaka kujua kwa nini mzigo wa tahadhari hauwezi kuwekwa juu ya mzee, tazama ugonjwa wenyewe unavyofanya kazi. Kijana akishikwa na nimonia huwaka homa, hukohoa, hujishika ubavu. Mzee wa miaka 80 anaweza asipate homa kabisa. Dalili ya kwanza huenda ikawa kukataa uji asubuhi, kuchanganya majina ya wajukuu, au kuanguka akielekea msalani, na watu wa nyumbani wakasema huo ni uzee tu. Kikohozi chake kimedhoofika, hivyo makohozi ambayo kijana angeyatoa hubaki kifuani. Wakati huohuo aliyemletea ugonjwa hana mengi ya kuonyesha. Mwenye homa ya mafua huanza kuambukiza yapata siku moja kabla hajajisikia vibaya, na huendelea kwa siku tano hadi saba baada ya hapo. Mzee aliyeketi kitini hana njia ya kujua ni mgeni gani kati ya kumi amekaa kwenye matatu pamoja na mtu anayekohoa. Mgeni mwenyewe anajua, angalau kwa sehemu: anajua koo lilianza kumwasha jana, anajua mtoto wake amekuwa na mafua wiki nzima. Wajibu hufuata ujuzi na uwezo. Hatumdai mtu asichoweza kukitenda, na hatumsamehi aliyeweza akakaa kimya.

Ushahidi wa nchi zenye makao makubwa ya wazee unaelekea upande huohuo. Mwishoni mwa Februari 2020 korona iligunduliwa katika makao ya wazee ya Kirkland, katika jimbo la Washington nchini Marekani. Uchunguzi ulihusisha makao hayo na wagonjwa 167: wakazi 101, wafanyakazi 50 na wageni 16. Takriban theluthi moja ya wakazi walioambukizwa walifariki. Walipouliza ugonjwa ulivyosambaa kutoka makao hadi makao, wachunguzi walikuta wafanyakazi waliokuja kazini wakiwa na dalili, na wengine waliofanya kazi katika makao zaidi ya moja ili riziki itoshe. Kanada, takriban asilimia 80 ya vifo vya korona vya wimbi la kwanza vilikuwa vya wakazi wa makao kama hayo. Uingereza, utafiti uliofanywa kwa makao maelfu kadhaa ulionyesha kwamba pale ambapo mfanyakazi aliyeugua alilipwa mshahara wake akiwa nyumbani, wazee waliambukizwa kidogo kuliko pale ambapo kuugua kulimaanisha kulala njaa. Wengi wa wazee hawa walikuwa wamefungiwa tayari, hawakuvuka kizingiti kwa miezi. Ugonjwa uliwafuata ndani kwa miguu ya watu wazima wenye nguvu, na kilichouzuia pale ulipozuiwa ni mpango uliomwezesha mwenye nguvu kukaa kwake anapougua.

Kwetu tuna ushahidi ulio mzuri zaidi, nao unatoka Kilifi, katika pwani ya Kenya. Mwaka 2011 Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya bakteria wa nimonia wanaoitwa pneumokoko. Bakteria hao hukaa puani mwa watoto wadogo bila kuwaumiza wengi wao, kisha huhamia kwa wakubwa. Watafiti wa taasisi za KEMRI na Wellcome waliofuatilia magonjwa hayo Kilifi waliona yale yaliyokingwa na chanjo yakishuka sana kwa watoto, kama ilivyotarajiwa. Yalishuka pia kwa watu wazima, ambao hakuna aliyewachanja. Sindano aliyochomwa mjukuu ilimkinga nyanya. Sijui mfano bora kuliko huo wa ninachokisema: ulinzi ulianzia kwa anayekaribia, na kukumbatiana hakukukatazwa. Hewa nayo inaweza kufanyiwa hivyohivyo. Katika hospitali za Lima, nchini Peru, watafiti walipima vyumba vya wagonjwa na kukuta kwamba kufungua madirisha na milango kulibadilisha hewa mara nyingi zaidi kuliko mitambo, na kwamba wodi za kizamani zenye dari ndefu na madirisha makubwa zilikuwa salama kuliko za kisasa. Nyumba ya Shinyalu yenye dirisha lililozibwa kwa gunia kwa kuogopa baridi ya msitu wa Kakamega, na moshi wa kuni uliojaa hadi kwenye paa, inamwumiza mzee mara mbili: moshi unachubua mapafu yake, na hewa iliyokwama inahifadhi pumzi ya kila aliyeingia.

Dini zetu zimelijua swali hili kabla ya hospitali kujengwa, na hazikulijibu kwa sauti moja. Kitabu cha Walawi kiliuweka mzigo juu ya mgonjwa: mwenye ukoma akae peke yake nje ya kambi na atangaze unajisi wake kwa kinywa chake. Anayetaka kuhalalisha kumtenga mzee anaweza kushika sura ya 13 ya kitabu hicho, lakini na aendelee hadi ya 14, ambako kuhani anaamriwa atoke yeye kambini, amfuate mgonjwa aliko na kumtazama. Katika mafundisho ya Mtume Muhammad, mwenye ngamia wagonjwa ndiye anayekatazwa kuwapeleka kwa wenye ngamia wazima. Asiye na ugonjwa hakuamriwa kuficha mifugo yake. Pia aliye katika mji wenye tauni asitoke, na aliye nje asiingie, na khalifa Umar alipofika mpakani mwa Shamu na kusikia habari za tauni alirudi Madina na watu wake. Martin Luther, tauni ikiwa Wittenberg mwaka 1527, alijibu swali la kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia. Jibu lake lilikuwa na pande mbili zisizotenganishwa: angetumia dawa, angesafisha hewa ya nyumba na asingekwenda mahali asipohitajika, ili asije akawa sababu ya kifo cha mwingine, lakini jirani akimhitaji, angekwenda. Katika Injili ya Mathayo hukumu ya mwisho inahusu, pamoja na mengine, kama mgonjwa alitembelewa, na hakuna msamaha uliotolewa kwa sababu ya hofu ya kuambukizwa. Ukiyaweka mafundisho haya pamoja, mhimili wake ni mmoja: yule anayetembea ndiye anayepewa amri. Anaamriwa aende panapohitajika, na anaamriwa asiende akiwa hatari.

Hapo ndipo methali yetu ya mgeni njoo mwenyeji apone inapodai kusomwa upya. Wahenga hawakusema kila anayebisha hodi anaponya. Waliweka tumaini juu ya mgeni, na tumaini ni deni. John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba mtu wa Kiafrika hujitambua kupitia wenzake. Wengi hulitumia wazo hilo kutetea mikusanyiko, kana kwamba umoja wetu unapimwa kwa wingi wa mikono inayoshikwa. Wazo lenyewe lina makali zaidi ya hapo: kama kuwapo kwangu kunategemea kuwapo kwako, basi kukudhuru kwa uzembe ni kujidhuru. Chukua matanga ya Waisukha, Waluhya wa Shinyalu. Ngoma ya isukuti, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, inasikika toka bonde hadi bonde, na mjane wa miaka 75 ameketi kando ya jeneza tangu asubuhi. Kila mwombolezaji anainama, anamshika mikono miwili, anasema pole karibu na sikio lake. Wanapofika mia tatu, mjane amepokea faraja mia tatu na pumzi mia tatu. Faraja ile ni ya lazima kwake, wala siombi ikomeshwe. Ninachouliza ni kama aliyeamka na kikohozi alihitaji kuinama, au angeweza kusimama hatua tatu mbali, akainamisha kichwa, akapeleka mkono kifuani.

Wako watakaosema kwamba umbali ni desturi ya kigeni na kwamba Mwafrika akikunyima mkono amekutukana. Desturi za hapahapa zinawajibu. Kwa Waluhya, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hawashikani mikono ovyo, hawaketi kiti kimoja, na mkwe akimwona njiani humpisha. Hakuna anayesema mkwe huyo hampendi mama mkwe wake. Hatua zile alizorudi nyuma ndizo heshima yenyewe, na angezikosa angeulizwa. Jamii inayojua kuheshimu kwa umbali haihitaji kufundishwa upya. Inahitaji kukumbuka kwamba heshima hiyo inaweza pia kumfaa nyanya wakati wa mafua, na kwamba anayerudi nyuma ni mkwe, mama mkwe akiendelea kuketi kwake.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la hesabu. Mtu atasema: haki na heshima ni maneno mazuri, lakini kuwafungia wazee kuliokoa maisha, na maiti haina haki ya kushiriki ibada. Nakubali sehemu ya hoja hii. Katika majuma ya kwanza ya ugonjwa usiojulikana, pasipo vipimo wala chanjo, kufunga milango kulikuwa na udhuru, na leo pia nyumba yenye mlipuko inaweza kufungwa kwa siku chache kwa sababu iliyotajwa na mwisho uliotajwa. Lakini hoja inadhani kwamba tulikuwa na njia mbili tu, kufungia au kuua. Uholanzi ilifunga makao yake ya wazee kwa wageni mnamo Machi 2020. Mwezi Mei ikajaribu kwenye makao 26 kumruhusu kila mkazi mgeni mmoja, kwa masharti yaliyomlenga mgeni: asije akiwa na dalili, avae barakoa, anawe, awe mtu yuleyule. Katika majuma yaliyofuatiliwa hakukuripotiwa maambukizi mapya yaliyotokana na wageni hao, na wahudumu walieleza jinsi wazee walivyochangamka. Upweke nao una madhara yake mwilini: mzee aliyeachwa peke yake huacha kula, huacha kutembea, na misuli isiyotumika haimrudii kwa urahisi. Kenya yenyewe iliionyesha njia ya tatu mwishoni mwa Machi 2021, ilipowaweka waliopita miaka 58 mbele kwenye foleni ya chanjo. Umri uleule uliokuwa sababu ya kuzuiwa mlangoni ukawa sababu ya kutangulizwa.

Pingamizi la pili hutoka mimbarini: siku ya mtu imeandikwa, na anayeogopa mafua kanisani ana imani haba. Imani hiyo nisingeibeza kama anayeitamka angekuwa anahatarisha kifua chake mwenyewe. Kijana wa miaka 30 anayekohoa bila kufunika mdomo kwa jina la imani anatumia kifua cha nyanya kuthibitisha imani yake. Kutoa sadaka kwa mali ya mwingine hakujawahi kuitwa ukarimu, na kumjaribu Mungu kwa uhai wa mwingine hakuwezi kuitwa tumaini. Kisha kuna mzee mwenyewe anayesema: nimeishi vya kutosha, acheni wajukuu waje, nikifa nife nao. Hilo ni neno zito na lina haki ya kusikilizwa. Mtu mzima anaweza kuchagua hatari yake, na hakuna anayepaswa kumkataza kwenda ibadani. Lakini uamuzi wake wa kunipokea hauniondolei wajibu wangu. Aliyefungua mlango kwa ukarimu hajampa mgeni ruhusa ya kuchoma nyumba. Kadiri anavyoniamini ndivyo ninavyopaswa kujihadhari kwa niaba yake.

Linabaki pingamizi la umaskini, na hili ndilo linaloniuma. Anayemkaribia mzee kila siku katika boma la Shinyalu mara nyingi ni mwanamke mmoja: mke wa mwana, ambaye anakamua ng'ombe, anapalilia mahindi, anauza mboga sokoni, na jioni anamgeuza mama mkwe kitandani. Nikisema mzigo wa tahadhari ni wa anayekaribia, je, sijamtwika mwanamke huyu gunia juu ya gunia? Ningekuwa nimemtwika kama ningeishia hapo. Tukumbuke wafanyakazi wa Kirkland na wa Uingereza: waliokuja kazini wakiwa wagonjwa hawakuwa wabaya, walikosa njia ya kukaa nyumbani bila kupoteza riziki. Kwa hiyo wajibu wa anayekaribia unazaa wajibu wa wanaokaa mbali. Mwana aliye Nairobi anayetuma pesa za Krismasi anadaiwa pia mtu wa kumpokea mkewe au shemeji yake kazi siku tano anapougua. Sh 2,000 za kila mwezi ambazo mpango wa Inua Jamii huwapa waliotimiza miaka 70 haziwezi kumlipa mwangalizi, na kaunti inapaswa kulisema hilo waziwazi. Wahudumu wa afya ya jamii 100,000 waliozinduliwa Septemba 2023 wanafika hadi kwenye maboma haya. Ni sawa wafundishwe kuuliza, pamoja na hali ya mzee, hali ya anayemtunza, na wao wenyewe wapewe ruhusa ya kutotembea nyumba kwa nyumba wakiwa na mafua.

Hoja hii ikikubaliwa, mambo ya kutenda si mengi wala si ya gharama kubwa. Padri au mchungaji atangaze Jumapili kwamba mwenye kikohozi amesamehewa ibada kwa juma hilo, na kiti cha mbele karibu na dirisha kiwekewe wazee. Kwenye matanga, familia imteue kijana mmoja asimame karibu na mjane, amwambie kila anayekohoa, kwa adabu, kwamba pole yake imepokelewa kutoka pale aliposimama. Anayesafiri Desemba kutoka mjini apige simu kabla ya kupanda basi, na akiwa na mafua akae kwa jirani hadi apone kabla ya kuingia kwa nyanya. Watoto wamalize chanjo zao zote. Dirisha lililozibwa lifunguliwe mchana, na jiko lihamishiwe nje ya chumba anacholala mzee. Kila moja ya hatua hizi inamgharimu mwenye afya kitu kidogo, na hakuna hata moja inayomwondolea mzee ibada, msiba au mjukuu wake. Sheria yoyote ya afya itakayoandikwa kwa ajili ya wazee, iwe ya kaunti au ya kanisa, ipimwe kwa kipimo hicho: nani anajinyima, na kwa ajili ya nani. Ikikutwa kwamba anayejinyima ni mzee peke yake, iandikwe upya.